Umekatwa pesa ya sabskripsheni usiyoikumbuka? Anzia hapa

Meseji ya benki huja saa za ajabu, saa nane usiku, au uko ndani ya matatu Thika Road umebanwa kwa dirisha, unaona shilingi elfu moja na kitu imetoka, jina la aliyekata halieleweki, na hiyo pesa ulikuwa ushaipangia rent. Wengi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili, wanapigia benki wakifoka ama wanafuta apu kwa hasira. Kufoka kunaeleweka, lakini pesa hairudi hivyo, na kufuta apu ndio kabisa hakusaidii. Kitu ya kwanza ni kujua pesa imepitia mlango gani, manake sabskripsheni, yaani malipo yanayojirudia yenyewe, hufungwa palepale ilipofunguliwa na si kwingine. Milango kwa kawaida ni minne: kadi uliyowapa kampuni wenyewe, Google Play ama Apple, PayPal, na kredo ya simu.

Soma hilo jina pole pole

Kwa meseji au steitimenti ya benki, ukiona GOOGLE na kinyota alafu jina la kitu fulani, hiyo imepitia Play Store au huduma nyingine ya Google. APPLE.COM/BILL ni iPhone, yako ama ya mtu uliyemwachia kadi yako. PAYPAL na kinyota ni PayPal, na hapo kuna watu hushangaa juu walishasahau kama kadi yao iko huko. Likiwa jina la kampuni tu bila mojawapo ya hayo, basi uliwapa namba za kadi moja kwa moja kwa tovuti yao.

Shida ni kwamba jina la kwa steitimenti mara nyingi si jina la apu. Kampuni inaitwa hivi, apu inaitwa vile. Chukua hilo jina lote vile lilivyo ulitafute kwa intaneti, alafu uingie imeli yako utafute maneno trial, renewal, receipt, invoice, na usisahau folda ya spam. Kama una imeli tatu, na wengi wetu tuko nazo, ingia zote tatu. Uliza pia nyumbani kabla hujasema umeibiwa. Mtoto akishika simu yenye kadi ndani, siku saba za bure za gemu ni kubonyeza mara mbili tu.

Usihangaike sana na shilingi zenyewe kutolingana. Bei iko kwa dola, benki inabadilisha kwa kiwango chake na mara nyingi inaongeza ada yake, kwa hivyo kitu cha dola 9.99 hakiwezi kutua sawasawa na ile hesabu yako ya shilingi 129 kwa dola. Tafuta kiasi cha dola ndio ujue ni kifurushi gani. Na ukiona dola moja imeshikwa baada tu ya kuweka kadi mahali, hiyo kwa kawaida ni ya kupima kama kadi inafanya kazi na hujirudisha yenyewe, usianze vita.

Kufunga bomba

Kabla ya kudai pesa irudi, zuia nyingine isitoke. Android unafungua Play Store, gusa picha yako pale juu, ingia Payments & subscriptions, au Malipo na usajili kama simu yako iko kwa Kiswahili, alafu kwa usajili chagua hicho kitu na ukighairi. Hakikisha uko kwa akaunti ile ile ya Gmail iliyotumika, manake ukiwa kwa nyingine utakuta orodha tupu udhani umepona. iPhone ni Settings, jina lako, Subscriptions. PayPal ingia kwa mipangilio, sehemu ya malipo, utafute Automatic payments. Ukimaliza piga skrinshoti ya ile sehemu inasema itaisha tarehe fulani, na usubiri imeli ya kuthibitisha. Imeli isipokuja, rudi uangalie tena.

Narudia juu ndio kosa kubwa zaidi: kutoa apu kwa simu si kusitisha malipo. Kuna dada ana saluni Umoja alikuwa na apu ya kupamba picha za wateja, siku tatu za bure, akaitumia wikendi moja akaitoa juu ilikuwa inajaza simu. Kumbe ilikuwa ya kulipa kwa wiki, ikaendelea kumkata. Na hizi za wiki ndio mbaya zaidi kwa maoni yangu, juu bei inaonekana ndogo: dola 5 kwa wiki ni dola 260 kwa mwaka, hiyo kwa 129 ni shilingi 33,540 za apu ya kung'arisha uso. Angalia mbele ya bei kama wameandika week, month ama year, na wengine huandika kwa maandishi madogo ya kijivu chini kabisa ya kitufe kikubwa cha rangi.

Kublock kadi pia si kusitisha. Kampuni nyingine itaendelea kukuandikia deni, na kuna huduma kama Visa Account Updater ambayo inaweza kuwapelekea wauzaji namba mpya ya kadi kama benki yako imejiunga, kwa hivyo unabadilisha kadi na bado wanakupata. Sitisha kwanza, kadi baadaye.

Wale mnafanya kazi za disaini na video, kuna mtego wa mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi. Unaona bei ya mwezi, unafikiri unaweza kutoka mwezi wowote, kumbe umesaini mwaka mzima na ukitoka mapema kuna faini. Adobe walishtakiwa na serikali ya Marekani mwezi wa sita 2024 kuhusu jambo hilo hilo, kwamba faini ya kutoka mapema ilifichwa na kutoka kwenyewe kulifanywa kugumu. Amazon nao mwaka wa 2025 walikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya watu kuingizwa Prime, usajili wao wa kulipia, na kusumbuliwa wakitaka kutoka. Nasema hivi ndio ujue kama ulizunguka kurasa tano ukitafuta mahali pa kutokea, si ati wewe ni mshamba, kurasa zenyewe zilipangwa hivyo.

Na wenye biashara ndogo, domeni (jina la tovuti) na hosting (mahali tovuti inakaa) ni ile ile. Mwaka wa kwanza wanakupea bei ya kukuvuta, wa pili inakuja bei kamili, na auto renew, ile ya kulipa upya yenyewe, ilikuwa imewashwa tangu siku ya kwanza. Ingia kwa akaunti ukaizime, lakini kama domeni unaihitaji weka kikumbusho kwa simu, ama utaamka biashara haina tovuti wala imeli.

Sasa pesa irudi

Hapa haraka ndio kila kitu. Kwa Google Play, ndani ya saa 48 tangu ukatwe unaweza kuomba kurudishiwa kwa Google wenyewe, ikipita hapo mara nyingi wanakwambia uongee na mwenye apu. Kwa Apple nenda reportaproblem.apple.com, ingia na akaunti yako, chagua kwamba unaomba pesa irudi, alafu sababu, alafu hicho kitu. Andika sababu fupi na ya kweli: nilikatwa upya tarehe hii, sikukusudia kuendelea, sijaitumia tangu siku hiyo. Hiyo ya kutoitumia ina uzito kweli, juu wanaona kwa mitambo yao, kwa hivyo kama unataka pesa usifungue tena hiyo apu hata kuchungulia.

Kama ulilipa kwa kadi moja kwa moja, andikia kampuni kwanza, na iwe imeli au chati ambayo unaweza kuihifadhi. Weka jina la akaunti, tarehe, kiasi kwa dola, namba nne za mwisho za kadi na usiweke zaidi ya hizo nne hata wakiuliza, alafu mambo mawili tu: sitisheni, rudisheni. Wape siku, mfano saba. Usiwaandikie insha ya maisha yako, na matusi weka kando, anayesoma ni kijana ameajiriwa kujibu imeli na ana ruhusa ya kurudishia watu kadhaa, mpe sababu uwe mmoja wao. Wakikupea ofa ya miezi mitatu kwa nusu bei badala ya pesa, kataa kama hutaki, hiyo ni kukuzungusha.

Wakinyamaza au wakikataa, ndio sasa unaenda benki ujaze fomu ya dispyuti, yaani ya kupinga malipo. Sikiza vizuri hapa. Wengi wakifika kaunta wanasema "nimeibiwa," juu ndio neno la haraka. Ukisema wizi, benki inafunga kadi na kesi inaenda kama ya ulaghai, alafu kampuni inatoa rekodi kwamba uliingia kwa imeli yako, kwa simu yako, ukatumia huduma miezi miwili, na hapo umepoteza. Kama ulijisajili mwenyewe sema ukweli: nilisitisha tarehe fulani na bado wakanikata. Visa wana kundi kabisa la kesi za aina hiyo, malipo ya kujirudia yaliyositishwa, na ushahidi wake ni ile skrinshoti na ile imeli. Bila hizo ni neno lako na lao. Muda wa Visa na Mastercard kwa kesi nyingi ni siku 120 lakini benki yako inaweza kutaka mapema zaidi, kwa hivyo usikae. Na jua kwamba ukipinga malipo ya Google ama Apple kupitia benki wanaweza kufunga akaunti yako na kila kitu ulichonunua ndani, hao maliza nao kwao kwanza.

Kama kampuni iko hapa Kenya una nguvu zaidi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka anayeuza kwa intaneti akuonyeshe masharti kabla hujakubali na akupe nafasi ya kukubali ama kukataa. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamishi ya watumiaji waliodanganywa kuhusu bei. Kuna pia Korti ya Madai Madogo, hushughulikia hadi shilingi milioni moja na huhitaji wakili, ingawa kwa elfu mbili sijui kama nauli ya Milimani itakulipa, labda kama ni pesa ya miezi mingi ama ni kiburi chao ndio kimekuuma.

Isirudi tena

Ukitaka kujaribu kitu cha bure, sitisha siku hiyo hiyo uliyojisajili. Huduma nyingi zinakuacha uendelee mpaka siku zako ziishe, chache zinakufungia palepale, na hizo ni sawa tu, umejua tabia yao. Usingoje siku ya mwisho: Apple wanataka usitishe angalau saa 24 kabla, na saa zao si saa zetu.

Usiweke kadi ya mshahara. M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya kwa simu iliyotoka 2022, unaipata kwa apu ya M-Pesa ama *334#, na pesa inatoka kwa salio la M-Pesa badala ya akaunti yako ya benki. Kama umeweka M-Pesa Ratiba, ile ya malipo ya kujirudia iliyokuja 2024, pitia orodha yake mara moja moja uone kama bado unataka kila kitu kilichoko.

Kredo inayopotea

Hii wengi hawaihesabu kama sabskripsheni lakini ndio inaumiza wazee shags. Mama anaweka kredo ya hamsini, jioni imebaki ishirini na hajapiga simu. Shika simu yake, soma meseji kutoka kwa namba fupi za tarakimu tano, mambo ya dondoo za afya, mistari ya Biblia, matokeo ya mpira. Kwa Safaricom piga *456*20# uone kama kuna huduma za meseji za kulipia zimewashwa na uzizime. Skiza, ile miito ya nyimbo, iko kwa *811#. Bando nayo, wakati wa kununua huuliza kama ni mara moja ama ijirudie yenyewe, na kidole kikiteleza inajirudia. Tuma pia STOP kwa hiyo namba fupi na uache meseji ikae kwa simu, usiifute.

Kredo ikiendelea kuliwa, pigia kastoma kea na uulize namba ya malalamishi, uiandike pamoja na tarehe. Hatua inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way, na hao swali lao la kwanza ni kama ulianza kwa mtoa huduma wako, kwa hivyo bila hiyo namba watakurudisha ulikotoka.