Kagua Muvi Mpya ya Katuni ya Utotoni Kabla Hujatoa Kiingilio

Katuni ya utotoni ikitengenezwa upya kwa waigizaji au kwa kompyuta, trela usiiamini. Wanaoitengeneza wanajua unakumbuka nini: watakuwekea ile picha ya utotoni na kionjo cha wimbo wake, basi hela imeshakutoka. Kabla hujawabeba watoto kwenda sinema ya Mlimani City, kaa na simu nusu saa ufanye ukaguzi. Bando dogo linatosha.

Anza na dakika. Tafuta urefu wa katuni na wa toleo jipya, ulinganishe. Msimu wa kwanza wa Avatar: The Last Airbender, katuni ya 2005, una vipindi 20 vya dakika kama 23, yaani zaidi ya saa saba na nusu. Filamu ya waigizaji ya 2010 iliubana msimu wote huo kwenye dakika 103. Muvi ikibanwa hivyo, vinavyotupwa kwanza ni utani na urafiki unaojengwa taratibu. Wanabaki wahusika wanaosimuliana mambo ambayo kwenye katuni tuliyaona yakitendeka.

Ugonjwa wa pili ni muvi kuvutwa iwe ndefu. The Lion King ya 1994 ina dakika 88, ya 2019 ina 118, na kisa ni kilekile. Nusu saa hiyo imekwenda wapi? Sehemu yake ni kishungi cha manyoya ya Simba: kinapeperushwa, kinaliwa na twiga, kinaviringishwa na mdudu ndani ya mavi, ndipo kimfikie Rafiki, yule nyani mganga. Muda ukipungua kwa zaidi ya nusu, au ukiongezeka kwa theluthi bila kisa kipya, shusha matarajio.

Kisha zima sauti. Hiki ndicho kipimo kikubwa, usikiruke. Chukua tukio moja la dakika mbili tatu, ulitazame kwenye katuni halafu kwenye toleo jipya, yote mawili bila sauti. Usishushe ubora wa video chini ya 360p, maana nyuso hazitasomeka. Jiulize: naelewa nani ana hasira, nani anaogopa, nani anatania? Jaribu na wimbo wa Simba mdogo anayetamani ufalme. Katuni inageuza rangi zote na kupandisha wanyama mmoja juu ya mwingine. Ya 2019 ni wanyama wanakimbia tu pale majini. Kompyuta imemchora simba kama wa Mikumi, na simba wa Mikumi hana nyusi za kupandisha wala mdomo wa kutabasamu. Sauti ya mwigizaji inalia, uso umetulia tuli. (Na ule wimbo wa mapenzi ya usiku wakaupiga mchana kweupe!)

Majina ya watengenezaji yapitie haraka. Waundaji wa Avatar walijitoa mwaka 2020 kwenye mradi wa Netflix wa kuifanya tamthilia ya waigizaji. Tamthilia ikatoka 2024 ikiwa na muda wa kutosha, na bado mashabiki wengi walilalamika kwamba wahusika wanahubiri badala ya kuigiza. Eiichiro Oda, mtunzi wa One Piece, alibaki na tamthilia yake ya waigizaji ya 2023, nayo ikapokelewa vizuri. Si ushahidi kamili, lakini mwenye kazi akiondoka, uliza kwa nini.

Usipime kwa kopi ya flashi iliyorekodiwa sinema kwa kamera: giza linameza nyuso, utailaumu muvi kwa kosa la kamera. Iliyotafsiriwa na DJ nayo haifai kwa kazi hii, ingawa kwa kicheko haina mpinzani. DJ anafunika nyimbo, tena anaongeza utani ambao muvi haina.

Kama iko Netflix, hesabu GB. Ubora wa chini hula takriban GB 0.3 kwa saa, HD hufika GB 3. Vipindi 8 vya Avatar ya 2024, kama saa saba, ni GB 2 hivi kwa ubora wa chini au zaidi ya 20 kwa HD. Tazama cha kwanza kwa ubora wa chini ndipo uamue.

Katuni yenyewe irudie wiki moja au mbili kabla, si usiku wa kuamkia siku ya sinema, la sivyo utakaa unahesabu vilivyokosekana. Ila watoto wasioijua usiwaonyeshe kwanza. Waache waione mpya ikiwa mpya, ya zamani uwawekee baadaye nyumbani, na wakisema mpya ndiyo kali, usibishane nao.