Usiifute programu ya mazoezi kabla ya kufuta akaunti

Ukichoka na programu ya kukimbia, ya kuhesabu hatua au ya kufuatilia hedhi, usiishie kuiondoa kwenye simu. Hapo simu ndiyo imesafishika. Uzito wako, njia unazopita na saa unazolala mara nyingi vinabaki kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni yenye programu. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya akaunti, pakua nakala ya data yako (rekodi za miaka zisipotee bure), kisha ufute akaunti yenyewe. Ndipo uiondoe programu.

Kama bado unaitumia, anza na ramani. Wakimbiaji wengi huanzia na kumalizia getini kwao, kwa hiyo mizunguko michache inatosha kumwonyesha mtu baki unakoishi na saa unazokuwa nje. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, inayojumlisha njia za watumiaji wake imeanika hata kambi za kijeshi, maana askari walikuwa wakikimbia humo huku programu ikirekodi. Kwenye Strava hiyohiyo kuna sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Iwashe leo.

Unapojisajili, jina la utani linatosha kabisa. Na mwaka wa kuzaliwa unatosha kukadiria mapigo ya moyo. Tarehe kamili ya nini?

Kampuni ikikuzungusha kufuta akaunti yako, iandikie barua pepe ukitaja sheria: Kenya ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.