Kuchora asili ya Lone Ranger kwa wino mzito: kijitabu cha kurasa 8

Lone Ranger, shujaa wa Kimarekani anayevaa barakoa, alianza redioni Detroit mwaka 1933. Asili yake inajulikana: askari sita wa Texas Rangers wanaviziwa na genge la Butch Cavendish huko Bryant's Gap, anabaki mmoja. Tonto, rafiki yake Mhindi Mwekundu, anamuuguza na kuchimba makaburi sita ili genge liamini wote wamekufa. Barakoa inakatwa kwenye kizibao cha kaka yake aliyeuawa. Ukitaka giza la kweli, shika kizibao na kaburi la sita. Damu nyingi haihitajiki.

Karatasi 2 za A4 zikikunjwa zinatoa kurasa 8 za A5. Karatasi ya kwanza inabeba 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Ya pili inabeba 6 na 3, kisha 4 na 5. Shambulio liweke kwenye 4 na 5: msomaji akifunua tu limfikie, na kwa kuwa kurasa hizo ziko upande mmoja wa karatasi, picha kubwa haikatiki.

Chora kila ukurasa kwenye manila ya A4, halafu punguza hadi asilimia 71. Herufi za milimita 4 zitabaki karibu 3, bado zinasomeka. Mstari mwembamba kuliko milimita 0.3 unaweza kupotea kwenye fotokopi.

Kabla ya sura na nguo, amua weusi, yaani sehemu zitakazojazwa wino. Msimamishe mtu uani saa sita mchana, hapa Arusha jua likiwa karibu utosini, avae kofia pana. Kivuli kinameza macho na kuishia puani. Kijaze cheusi chote, usichore jicho ndani yake. Jicho lionekane mara ya kwanza ukurasa wa 6, barakoa ikifungwa: chora uzi uliokatika na tundu la kifungo lililobaki kwenye kitambaa. Hapo msomaji anajua ni nguo ya nani, bila maneno.

Migunga ya Monduli usiipeleke Texas. Mpungate wa kwenye nyua zetu unafaa, jamaa zake wanaota huko. Punda wa mnadani atakufundisha magoti na kwato, ila farasi si punda aliyepunguzwa masikio: mkia wake una nywele tangu shinani, na shingo ni ndefu zaidi.

Wakati wa masika manila inanyonya unyevu na wino unatambaa. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, acha weusi mpana ukauke usiku kucha kabla ya kufuta penseli, la sivyo raba itauburuta.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Stesheneri, toa ukurasa mmoja kwanza: tona (wino wa unga wa mashine) ikichoka, weusi mpana hutoka na madoa ya kijivu. Kwenye jalada, acha milimita 3 nyeupe kila upande wa mkunjo, maana tona hupasuka pale karatasi inapokunjwa.