Jinsi ya kuchagua vitamini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: geuza kopo, soma nyuma

Wengi wanaofika dirishani kwangu wametoka kufanyiwa upasuaji huu India au Uturuki. Walirudi na mfuko wa vitamini wa miezi mitatu, mfuko umeisha, sasa wananionyesha kopo tupu: "Dokta, unayo kama hii?" (Mimi ni mfamasia, lakini Dar es Salaam ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta tu.) Mara nyingi sina. Vitamini zilizotengenezwa maalumu kwa watu hawa ni adimu madukani kwetu, na zikipatikana bei yake inauma. Inabidi tukusanye: kidonge hiki kwa hiki, kile kwa kile, mpaka hesabu itimie. Hesabu yenyewe naifanya hivi.

Hatua ya 1: Jua ulifanyiwa nini hasa

"Nilikatwa tumbo" haitoshi. Tafuta ripoti ya upasuaji. Kwenye aina iitwayo slivu, karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, ila chakula hupita njia ile ile ya zamani. Kwenye aina iitwayo baipasi, kinabaki kifuko kidogo na chakula kinaruka mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali ambapo chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Kote kuwili asidi ya tumbo inapungua, na hupungua pia ile protini ya tumboni ambayo bila hiyo B12 haifyonzwi ipasavyo.

Kama uliwekewa puto tumboni, huo si upasuaji na viwango vya hapa chini si vyako. Waulize waliokuwekea.

Hatua ya 2: Andika viwango vyako kwenye karatasi

Mimi hutumia viwango vya ASMBS, chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu, toleo la 2016. Kwa mtu mzima, kwa siku:

- B1: angalau mg 12, mg 50 hadi 100 ni bora zaidi
- B12: mikrogramu 350 hadi 500 kwa mdomo
- Asidi ya foliki: mikrogramu 400 hadi 800; mwanamke wa umri wa kuzaa, 800 hadi 1,000
- Chuma: mg 45 hadi 60, mwanamume asiye na historia ya upungufu wa damu anaweza kuambiwa mg 18
- Vitamini D3: IU 3,000, mpaka kipimo cha damu kivuke 30 ng/ml
- Kalsiamu: mg 1,200 hadi 1,500, chakula kikiwemo
- Zinki: mg 8 hadi 11 kwa slivu, 8 hadi 22 kwa baipasi
- Shaba: mg 1 kwa slivu, 2 kwa baipasi

Daktari wako akikupa namba nyingine kwa sababu ya majibu ya damu yako, fuata ya kwake.

Hatua ya 3: Geuza kopo

Mbele ya kopo kuna picha ya chungwa na neno "forte". Achana na mbele. Nyuma angalia mambo matatu.

Kwanza, viwango vilivyoandikwa ni vya vidonge vingapi? Kuna makopo ambayo jedwali lake ni la vidonge viwili au vinne, na mtu anameza kimoja akiamini amemaliza.

Pili, "asilimia 100" ni ya nani? Ni ya mtu mwenye tumbo zima. Kwako wewe asilimia hiyo haikuambii kitu, soma miligramu.

Tatu, na hapa ndipo hata wauzaji huteleza, je, uzito ulioandikwa ni wa chumvi yote (madini pamoja na kile yaliyoungana nacho) au wa madini yenyewe? Kidonge cha kuongeza damu cha ferasi salfeti mg 200 kinakupa chuma chenyewe takriban mg 65. Kalsiamu kabonati mg 1,250 inakupa kalsiamu mg 500. Usipoliangalia hili utazidisha au utapunguza bila kujua.

Ukisoma hivyo, makopo mengi yataanguka yenyewe. Vitamini za jeli, zile tamu kama peremende, aghalabu hazina chuma kabisa. Vidonge vya kuyeyusha majini, vile vya rangi ya machungwa, vingi ni vitamini C na jamii ya B pekee, na povu lake hujaza gesi kwenye tumbo ambalo sasa ni dogo. Stika za kubandika ngozini sizipendekezi. Kwa wiki za kwanza tafuta vya kutafuna au vya maji, kisha vidonge vya kawaida mtakapokubaliana na daktari.

Nywele nazo. Mwezi wa tatu au wa nne zinakatika, mtu anapata hofu, anauziwa vitamini iitwayo bayotini. Mara nyingi chanzo ni uzito kushuka kwa kasi, na zitaota tena. Bayotini ya dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo, kwa hiyo ukiitumia waambie kabla hawajakutoa damu. Wengine humeza kila siku zinki ya mg 20, ile ya watoto wanaoharisha, juu ya multivitamini yenye zinki tayari. Zinki ikizidi inazuia shaba. Kwa kila mg 1 ya shaba, zinki isivuke mg 15.

Hatua ya 4: Chagua kalsiamu kwa jina

Sitireti ndiyo ninayoitafuta kwanza kwa sababu haihitaji asidi ya tumbo ili ifyonzwe. Kabonati ni rahisi na ipo kila duka. Ukiikosa sitireti, tumia kabonati pamoja na chakula, kamwe si tumbo tupu. Aina yoyote, usivuke mg 500 hadi 600 kwa mara moja.

Hatua ya 5: Panga saa

Mama mmoja alikuja na damu inashuka. "Mwanangu, sijakosa hata siku moja," akaniambia, na nilimwamini. Nilipomuuliza anamezaje, akanieleza: vyote kwa mkupuo, saa moja asubuhi, kwa chai ya maziwa. Chai inazuia chuma, na kalsiamu inazuia chuma. Alikuwa akinunua dawa nzuri na kuifungia mlango.

Tulimpangia hivi, nawe unaweza kuanzia hapa:

- Saa 1 asubuhi: multivitamini yenye chuma, kwa maji au juisi kidogo ya chungwa isiyoongezwa sukari. Chai isubiri mpaka yapite masaa mawili.
- Saa 6 mchana: kalsiamu mg 500, baada ya chakula.
- Saa 12 jioni: kalsiamu mg 500, pamoja na D3.
- Saa 3 usiku: kalsiamu ya tatu, kama hukula maziwa, mtindi au dagaa wa kutosha siku hiyo.

Chuma na kalsiamu viachane angalau saa mbili. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aitenge na vyote viwili kwa saa nne.

Hatua ya 6: B12

Kuna vidonge vya kumeza, vya kuyeyusha chini ya ulimi, na sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Kwa msahaulifu, sindano. Usitegemee vile vidonge vya "neva" vyenye B1, B6 na B12 kwa miaka bila kuuliza, maana B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu neva hizo hizo. Anayetumia metformin kwa kisukari awe makini zaidi, inapunguza B12.

Hatua ya 7: Pima

Miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka, maisha yote. Usikubali kupimwa wekundu wa damu peke yake. Wekundu hushuka mwishoni, ghala la chuma likishakuwa tupu. Omba feritini (kipimo cha ghala hilo), B12, folati, vitamini D na homoni ya paratiroidi. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na ukiipanga, sema mapema ili vitamini A ya retinoli ibadilishwe kuwa beta-karotini.

Nunua kopo la mwezi mmoja kwanza. Ulimi hubadilika baada ya upasuaji, na kopo la miezi sita lenye harufu usiyoivumilia litakaa kabatini.

Ukitapika mfululizo kwa siku kadhaa, acha kuhangaika na makopo, nenda hospitali. Akiba ya B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache tu, na ikiisha mtu huanza kuona viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Dripu ya sukari ikitangulia kabla ya B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Atakayekupokea huenda hajawahi kumwona mtu wa slivu, kwa hiyo mwambie, au aliyekupeleka amwambie: "Alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ametapika siku kadhaa, tunaomba B1 kabla ya dripu ya sukari."