Unatetea nafasi ya uongozi wa tawi? Namna ya kuomba kuchaguliwa tena

Mara ya kwanza ulipogombea uliomba kura kwa ahadi. Safari hii wanachama wana miaka yako ofisini ya kuhesabu, kuanzia makato ya ada ya chama ya kila mwezi hadi fulana za Mei Mosi zilizokuja pungufu. Fomu utakayojaza inaweza kufanana na ile ya zamani, ila maandalizi ni tofauti. Nimeandika haya kwa katibu au mwenyekiti wa tawi kwenye vyama vya watumishi wa umma Tanzania Bara: TUGHE (serikali na afya), TALGWU (serikali za mitaa), CWT (walimu) na vinginevyo.

Anza na katiba ya chama. Usiulize kwanza kwa ofisa utumishi. Uchaguzi wa chama si wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, inakitaka kila chama kiweke ndani ya katiba yake utaratibu wa kupendekeza na kuchagua viongozi, wa kuwaondoa, na wa kukata rufaa. Hakikisha unasoma toleo linalotumika sasa, pamoja na kanuni za uchaguzi zilizotumwa na makao makuu. Soma ukitafuta ukomo wa vipindi, idadi ya wadhamini, akidi (idadi ya chini ya wanachama ili mkutano uwe halali), jina la cheo cha msimamizi wa uchaguzi na tarehe za fomu. Angalia pia suala la umri. Kwa kawaida mtumishi hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Kama una 57 na kipindi ni cha miaka mitano, uliza mapema, tena kwa maandishi, kama anayejua hatamaliza anaruhusiwa kugombea.

Hakiki sifa zako upya. Hapa ndipo viongozi wa zamani hunaswa, kwa sababu hudhani sifa walizoingia nazo bado wanazo. Chukua hati zako za mshahara za miezi ya karibuni uangalie kama makato yanakwenda kwenye chama hiki. Kama ulihama kituo au mwajiri, usichukulie kwamba makato yalikufuata. Ukikuta kasoro, tafuta nakala ya fomu yako ya TUF 6, ile uliyoidhinisha nayo makato, urekebishe kabla fomu za kugombea hazijatoka.

Halafu kuna cheo. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hakimruhusu mtumishi wa menejimenti ya juu kuwa mwanachama wa chama kinachowakilisha wafanyakazi wa kawaida wa mwajiri yuleyule. Kama katikati ya kipindi ulipandishwa, na sasa unakaa upande wa mwajiri wakati wa kujadili mkataba wa hali bora kati yake na chama, jipime kwa kifungu hicho kabla mpinzani wako hajakupima. Kukaimu nako kuna maswali yake. Pata jibu la maandishi kutoka ngazi ya juu ya chama.

Funga hesabu kabla ya kuchukua fomu. Ningekuwa na nafasi ya kukupa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu. Andaa taarifa ya mapato na matumizi ya tawi kwa kipindi chote: fedha zilizorudishwa tawini kutoka kwenye ada, michango ya misiba, posho za safari, vifaa vya Mei Mosi. Kila kiasi kiwe na stakabadhi. Kisipokuwa nayo, sema mwenyewe kwenye kamati tendaji kabla hujaulizwa mkutanoni. Ambatisha mihtasari ya vikao, na orodha ya mashauri ya wanachama uliyoyabeba: yaliyokwisha, yaliyokwama, yalikokwama. Mwanachama aliyekatwa mshahara kimakosa na akasaidiwa atakunadi kuliko bango lolote.

Ondoa mkono wako kwenye uchaguzi. Katibu ndiye hutunza daftari la wanachama, huita mikutano na huandika mihtasari. Ukigombea ukiwa bado umeshika vyote hivyo, hata ushindi halali utanukia vibaya. Mwandikie msimamizi barua ya kukabidhi daftari, likiwa limelinganishwa na orodha ya makato, na ubaki na nakala iliyosainiwa. Tangazo la uchaguzi litoke kwa msimamizi. Kwenye mkutano wa kupokea taarifa ya tawi unaweza kuisoma wewe, lakini kura zikianza, mihtasari aandike mtu asiyegombea.

Chukua, jaza, rejesha. Majina yafanane na ya kwenye hati ya mshahara. Wadhamini wawe wanachama hai wa tawi, na ongeza wawili watatu juu ya idadi inayotakiwa iwapo fomu inaruhusu. Barua ya maombi iwe fupi: nafasi, kipindi ulichotumikia, mambo matatu uliyoyafanya na moja uliloshindwa. Hilo la kushindwa wengi huliruka, liandike. Rejesha kabla ya siku ya mwisho, na usiondoke bila kusainiwa tarehe na saa ya kupokelewa.

Kampeni fanya kwa muda wako. Sheria inawapa wawakilishi wa chama likizo ya kiasi yenye malipo kwa kazi za chama. Kujinadi ni kazi yako binafsi. Gari, karatasi na mashine za ofisi ziache. Soda za kundi zima siku mbili kabla ya kura zitaitwa rushwa, na anayeziita hivyo atakuwa na hoja.

Siku ya kura, hakikisha akidi imetangazwa na kuandikwa, kura ni ya siri, na una wakala wakati wa kuhesabu. Ukienguliwa au ukiona kasoro, kata rufaa ndani ya muda uliowekwa na katiba. Mahakama ya Kazi inaweza kutengua uchaguzi uliokiuka katiba ya chama, ila kwa kawaida itataka kuona kwanza umemaliza ngazi za ndani.

Ukishinda, peleka majina ya viongozi kwa mwajiri kwa barua ya chama, hata kama wote wanakufahamu. Ukishindwa, kabidhi ndani ya wiki hiyohiyo mhuri, vitabu vya stakabadhi, mafaili ya mashauri yanayoendelea na ufunguo wa kabati, kisha nenda benki pamoja na aliyechaguliwa kubadilisha watia saini wa akaunti ya tawi. Kila kitu kiorodheshwe, msaini wote, nakala moja ibaki kwako.