Umekuja semina Mwanza halafu hoteli ni kimeo? Fanya hivi

Kwanza kabisa usilipe siku zote kwa mkupuo. Hata kama kongamano ni la wiki nzima lipia usiku mmoja, waambie kesho unaongeza. Ukishalipa zote yule dada wa mapokezi aliyekuwa anakuita bosi anabadilika, ukimwambia maji hayatoki anakujibu fundi yuko njiani, na huyo fundi sijui anatembea kwa miguu kutoka Magu.

Kabla hela haijatoka omba uoneshwe chumba utakacholala, sio kile cha kuoneshea wageni. Fungua bomba zote mbili, flashi choo halafu subiri usikie kama tangi linajaa tena. Mwanza ziwa unaliona hapo chini linang'aa lakini hoteli kibao zimejengwa juu kwenye milima ya mawe, presha ikishuka maji hayapandi, kwa hiyo usiulize kama maji yapo maana watasema yapo tu, uliza kama kuna simtanki la akiba na kama pampu inawaka kwa jenereta umeme ukikatika. Nyanyua neti uiangalie kwenye mwanga, ikiwa na tundu dai nyingine hapohapo, kanda ya ziwa malaria sio utani. Pazia nalo lifungue, maana wanakuuzia chumba cha kuangalia ziwa unakuta dirisha zima limezibwa na jiwe.

Kuhusu kelele usiulize mapokezi. Muulize bodaboda wa hapo nje baa ya jirani inazima muziki saa ngapi, huyo hana sababu ya kukudanganya.

Na umbali jamani! Watu wanashabikia bei wanachukua chumba Ilemela karibu na airport wakati ukumbi uko Malimbe kule chuo kikuu cha SAUT, yaani kila asubuhi unavuka jiji lote na nauli inameza ile posho uliyodhani umeokoa.

Sasa mambo yakiharibika usingoje siku ya kuondoka ndo ulalamike, wakati huo wanakupa pole tu. Rekodi video usiku huohuo, bomba kavu au AC inayodondosha maji kitandani, mtumie meneja kwa WhatsApp ili ibaki kwenye maandishi, na useme unachotaka: "Habari meneja, chumba changu hakina maji tangu saa moja jioni, naomba nihamishwe leo au nirudishiwe hela nitafute kwingine." Fupi, bila matusi. Halafu mfowadie mratibu wa semina. Hapa ndo penye dawa kwa kweli, wewe mmoja hawakuogopi, wanachoogopa ni mratibu kuhamisha kundi zima na semina ijayo wasiione.

Chai ya asubuhi ikiwa mkate na yai baridi usipoteze nguvu kugomba, tafuta mama ntilie unywe supu ya sato na chapati.

Ukihama omba risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, ya siku ulizolala hapo, na ya kule unakohamia pia, jina la ofisi liandikwe sawa na kiasi kilingane na ulichotoa. Wakikuandikia kwa mkono wakisema mashine mbovu usibebe begi kwanza, kaa hapo mapokezi mpaka itoke, maana mhasibu wako siku ya kurejesha masurufu, yaani kuonesha ulivyotumia hela ya safari uliyopewa na ofisi, hataki kusikia habari za mashine.