Kuosha na kulinda rangi ya gari nyumbani: somo kwa wenye magari wa Tabora

Ndugu zangu, kiangazi kimeshika na vumbi liko kila mahali. Pita Ipuli, Kiloleni au Ng'ambo asubuhi, utaona jambo lile lile: mtu katoka nje na tambara kavu, anapangusa boneti kabla ya kwenda kazini. Gari linang'aa kwa muda mfupi, vumbi linarudi, na kesho yake anapangusa tena. Rangi nyingi zilizopauka hapa mjini zimeanza kufia hapo. Jua linamalizia tu.

Tuelewe kwanza tunachokigusa. Juu ya bati kuna praima (rangi ya msingi), juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, tabaka lisilo na rangi linalotoa mng'ao na kukinga miali ya jua. Klia ya kiwandani huwa na unene wa takribani maikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Vumbi letu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko klia, tena ngumu kuliko hata bati lenyewe. Ukipangusa kavu, kila chembe inachora mstari wake. Mmoja hauonekani. Lakini tazama boneti ya gari jeusi lililopanguswa hivyo mwaka mzima, likiwa juani: mistari imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Hiyo mistari haitoki kwa kuosha.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni moja: vumbi liondoke kwa maji kabla kitu chochote hakijagusa rangi.

Vifaa

Ndoo mbili za bodi, ndoo nyingine ya tairi, shampuu ya gari, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba (au sponji mpya laini), brashi ya tairi, taulo mbili kubwa za maikrofaiba, na waksi (ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda). Sabuni ya unga iacheni kwenye nguo. Ina alkali kali, inakomba waksi yote na kukausha mipira ya milango. Shampuu ikikosekana kabisa, tia kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye ndoo, ila ujue kwamba nayo inaondoa waksi, hivyo utapaka upya.

Hatua ya 1: muda na mahali

Osha asubuhi mapema au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa bado ina moto, subiri. Maji yakikaukia kwenye bati la moto yanaacha madoa meupe, hasa maji ya kisima yenye chumvi.

Hatua ya 2: tairi na rimu

Anza nazo, kwa ndoo na brashi yake. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na brashi iliyogusa rimu isiguse bodi kamwe.

Hatua ya 3: kusuuza

Hapa usiwe na haraka. Mwaga maji kuanzia juu ya paa kushuka chini, bila kugusa. Ukiwa na mpira wa maji, ukandamize mdomo wake kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa nguvu, upite kwenye mapengo ya milango, chini ya saiti mira, na kuzunguka bampa la nyuma ambako vumbi hujikusanya zaidi. Matope yaliyokauka yaloweshe, yaache dakika chache, kisha mwagia tena. Suuza mpaka maji yanayodondoka chini ya milango yawe masafi. Mkono wako ukitamani kusaidia kwa kitambaa, uzuie.

Hatua ya 4: ndoo mbili

Ndoo ya kwanza ina maji na shampuu, ya pili ina maji matupu. Chovya glavu kwenye shampuu, osha sehemu moja tu, tuseme nusu ya paa. Kabla ya kurudi kwenye shampuu, ikung'ute glavu ndani ya maji matupu, uifikiche vizuri, uikamue. Ndipo uchovye tena. Ukimaliza paa, tazama chini ya ile ndoo ya pili: utaona mchanga umetulia. Mchanga huo, kwa mtu wa ndoo moja, unarudi kwenye rangi kila anapochovya.

Nenda paa, vioo, boneti, buti, milango sehemu ya juu, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Glavu ikianguka chini, usiendelee nayo mpaka uioshe hadi uhakikishe haina chembe.

Hatua ya 5: kukausha

Suuza tena, kisha tandaza taulo juu ya bati na uivute polepole. Usiache gari likauke lenyewe juani.

Hatua ya 6: kuondoa kilichogandamana

Chukua kifuko laini cha plastiki, kivae mkononi, upitishe vidole juu ya rangi safi. Ukihisi vipele vidogo, kuna uchafu ulioganda. Madoa ya lami yanatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo: bonyeza, subiri, futa taratibu, kisha osha hapo hapo kwa shampuu. Vingine vinahitaji klei ya kusafishia rangi, ambayo wengi huagiza Dar. Inatumika rangi ikiwa imeloa kwa maji ya shampuu, na ikidondoka mchangani itupe.

Hatua ya 7: waksi

Bati liwe safi, kavu na baridi. Paka kiasi kidogo sana, tabaka jembamba, sehemu moja baada ya nyingine. Ikishakuwa na ukungu, ifute kwa taulo safi. Kupaka nyingi hakuongezi ulinzi, kunakuchosha tu mkono wakati wa kufuta. Epuka plastiki nyeusi na mipira, maana waksi inaziachia weupe. Waksi ya kanauba (nta ya mmea) hukaa wiki kadhaa hadi miezi miwili hivi. Ya maabara hukaa zaidi, miezi minne hadi sita. Kwa hali ya hewa yetu ningesema usikose kupaka mara mbili: Oktoba kabla ya mvua, na Mei mvua zikishaisha.

Kuhusu miembe yetu

Tabora ni mji wa miembe na kila mtu anataka kivuli chake. Utomvu wa embe una mafuta na tindikali. Kinyesi cha ndege na popo nacho kina tindikali, na jua likikipasha joto kinaweza kuacha alama kwenye klia ndani ya saa chache. Usikikwangue kwa ukucha wala kukifuta kikavu. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu ya doa, kiache dakika tano au kumi mpaka doa lilainike, kisha liinue kwa kitambaa hicho bila kusugua. Utomvu uliogoma upake spiriti kidogo kwenye pamba, halafu osha na urudishe waksi mahali hapo. Msimu wa embe ukifika, kwangu mimi ni bora gari lipate jua lenye waksi kuliko kivuli chenye popo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa nyuki, nina nta nzuri kabisa nyumbani. Kwa nini ninunue waksi?*

Marahaba, mdogo wangu. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na bodi ya gari jeusi lililosimama juani mchana inaweza kupita nyuzi 70. Italainika, itanata, itashika vumbi lote. Kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mchikichi unaoota Brazili, inavumilia hadi nyuzi 80 na kitu. Viwanda vingine huchanganya nta ya nyuki kidogo ili waksi ipakike, lakini peke yake haifai. Yako ipeleke sokoni, ina bei.

*Mkuu, maji kwetu ni ya madumu. Mambo ya mpira wa maji nayatoa wapi?*

Nunua bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, la lita 16. Liwe jipya, lisiwe lililokwisha kupulizia tumbaku, maana mabaki ya dawa yatakuishia mikononi. Linasuuza vizuri kwa maji machache. Kwa gari dogo kama IST, bomba moja la kusuuza mwanzo, ndoo mbili nusu nusu, na bomba jingine la kumalizia vinatosha.

*Nina mkwaruzo mlangoni. Nimeambiwa dawa ya meno inautoa, ni kweli?*

Pitisha ukucha juu yake. Usipokwama, mkwaruzo uko ndani ya klia, na dawa ya meno inaweza kuupunguza kwa sababu ina unga wa kusugua. Polishi ya gari inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ukucha ukikwama, umepita klia. Hapo ni kazi ya fundi rangi. Ukiona bati, usicheleweshe, mvua za Novemba zitaleta kutu.

*Gari langu limepigwa rangi upya gereji wiki iliyopita. Nipake waksi?*

Bado, dada. Rangi iliyokaushwa kwa hewa inaendelea kutoa tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi), na waksi inaizuia. Subiri siku 30 hadi 60 na umuulize fundi aliyepiga. Kwa sasa osha kwa maji na shampuu tu. Tena gereji nyingine hupiga rangi bila klia: siku ukipolishi kwa kitambaa cheupe na kikatoka na rangi ya gari, ndiyo hiyo. Hiyo ipolishi kwa nadra.

*Wanaonioshea gari wananipulizia dizeli chini na kwenye tairi ili ing'ae. Ina ubaya?*

Ndiyo. Dizeli inavimbisha na kulegeza mpira, na inakamata vumbi papo hapo. Waambie waiache.

*Nikilifunika kwa turubai je, si nitaepuka haya yote?*

Turubai gumu juu ya gari lenye vumbi likipigwa na upepo linasugua usiku kucha. Ukitaka kufunika, tafuta kifuniko chenye bitana laini, kinachobana chini kisipeperuke, na gari liwe limeoshwa na limekauka. Ukirudi kutoka njia ya vumbi na huna muda wa kuosha, liache wazi hadi kesho.